UZI: Paige Bueckers wa UConn, goti moja liliumia mara mbili na bado akaondoka na kombe. Tumjadili vizuri

Gadi wa Temeke

Wakuu salaam. Kikapu cha wanawake vyuo vya Marekani kikitajwa tu hazipiti dakika mbili mada imeshakuwa Caitlin Clark, na mimi sina ugomvi na hilo, pointi 3,951 siyo mchezo, hakuna mwanaume wala mwanamke aliyewahi kufunga kiasi hicho daraja la kwanza la vyuo kule. Ila leo naomba tumkalie Paige Bueckers, maana naona karia yake inasimuliwa vibaya sana. Wengi wanasema alikuwa kipaji kikubwa, majeraha yakamla miaka, mwisho akapata kombe mkono wa kwaheri, basi. Mimi siioni hivyo kabisa na nitaeleza kwa nini.

Kwanza kwa Watanzania UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut alikocheza Paige, siyo chuo cha kusikia kwa mbali. Hasheem Thabeet alicheza pale kuanzia 2006 mpaka 2009, akatoka akachaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA na Memphis. Wengi wetu jina la Storrs, mji kilipo chuo hicho, tumelijua kupitia yeye. Sasa wakati tunamfuatilia Hasheem hatukugeuza shingo kuangalia kinadada, na msimu uleule wa 2008-09 timu ya wanawake ya chuo hichohicho, Maya Moore akiwepo, ilicheza mechi 39 ikashinda 39. Thelathini na tisa! Kocha ni Geno Auriemma, yuko pale tangu 1985, na mpaka 2016 alikuwa ameshabeba makombe 11 ya taifa, manne ya mwisho mfululizo. Halafu ghafla kimya. Kila mwaka wanafika nusu fainali, kila mwaka wanarudi mikono mitupu.

Huo ndio mzigo aliokabidhiwa Paige alipofika 2020 akitokea shule ya Hopkins kule Minnesota. Mtoto wa miaka 19, korona imepamba moto, viwanja vitupu, na nchi nzima imeshaambiwa huyu ndiye atakayerudisha kombe.

Msimu wa kwanza wastani wa pointi 20 kwa mechi, akawa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya shirika la habari la AP ya mchezaji bora wa taifa kwa wanawake. Ukitaka kumwelewa tafuta mechi ya tarehe 8 Februari 2021 dhidi ya South Carolina, namba 1 kwa namba 2 kwenye orodha ya ubora ya taifa. Pointi 13 za mwisho za UConn zote zake, na pointi zote tisa za timu kwenye dakika za nyongeza kafunga peke yake. Thrii ya mwisho zikiwa zimebaki sekunde kama kumi, mpira ukagonga ringi nyuma, ukaruka juu kabisa, ukakaa hewani watu wote wameinua shingo, ukadumbukia. 63-59. Hiyo ilikuwa mechi ya tatu mfululizo anafunga 30 au zaidi, na UConn na majina yao yote hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Sasa hapa ndipo hoja yangu ilipo. Watu waliona pointi zake 31 za siku ile wakasema tumepata mfungaji. Mimi naona yule dada hajawahi kuwa mfungaji kwa tabia, ni mchezesha timu ambaye anajua kufunga kuliko wafungaji, na miaka yake yote pale chuoni ni mvutano kati yake na Geno juu ya jambo moja tu, lini achukue mpira mwenyewe. Geno kamsema hadharani mara nyingi sana kwamba hapigi vya kutosha. Fikiria kocha mwenye makombe 11 anamwomba nyota wake awe mchoyo kidogo.

Naendelea baadaye, nipeni maoni kwanza.

Msee wa South B

Bana uzi safi. Lakini wacha niwe mkweli, Clark alibadilisha hii game yote. Fainali ya 2024 Iowa ya Clark na South Carolina watu milioni 18.9 waliwatch, hiyo ni zaidi ya fainali ya wanaume mwaka huo. Paige alishinda kombe 2025 watu wakawa kama milioni 8.5. Sasa nani mkubwa hapo?

Gadi wa Temeke

Mkuu wa South B, watazamaji Clark kamshinda kila mtu, hilo halina mjadala na mimi nimelisema mstari wa kwanza. Nazungumzia mpira wenyewe. Walikutana mara mbili vyuoni, 2021 hatua ya kumi na sita bora UConn wakashinda 92-72, 2024 nusu fainali Iowa wakashinda 71-69. Ngoma droo. Na Clark alifika fainali mbili akapoteza zote, 2023 kwa LSU na 2024 kwa South Carolina. Simshushi, nasema tu ukipima kwa kitu kimoja utamwonea mmoja wao.

Binti Tanga

Umeitaja hiyo 71-69 mpaka presha imenipanda upya 😭 Mechi ilikuwa alfajiri kwetu, nimekaa macho, UConn wako nyuma pointi moja, sekunde zimebaki 3.9, wana mpira, refa anampa Aaliyah Edwards wetu faulo ya skrini, ile ya kusimama njiani kumzuia mkabaji ili mwenzako apite. FAULO YA SKRINI. Sekunde tatu za nusu fainali. Mpaka leo sijaikubali.

Gadi wa Temeke

Dada Tanga pole, hata mimi iliniuma. Kisheria mwenye kuweka skrini lazima awe amesimama, akisogeza mwili au akitanua miguu na kiwiko mwenzie akiwa anapita ni faulo, na ukirudia ile video Edwards anasogea kweli. Swali ni kama refa anaita hiyo faulo dakika ya tano ya mchezo, kwa sababu skrini za hivyo kila mechi zipo kibao. Lakini kilichonishika zaidi ni Paige baada ya pale. Waandishi walimwekea chambo awalaumu marefa, akakataa, akasema mechi haiamuliwi na tukio moja, na wao wenyewe wangeweza kufanya mambo mengi kabla ya hapo isifikie huko. Anasema hivyo mtu ambaye mwaka uliotangulia hakucheza hata dakika moja.

Na hapo twende kwenye goti maana ndio kiini.

Tarehe 5 Desemba 2021 wanacheza na Notre Dame, mechi imeshaisha kimsingi, wanaongoza karibu pointi 20, chini ya sekunde 40 zimebaki. Paige anapandisha mpira tu. Hakuna aliyemgusa. Goti la kushoto likakataa akaanguka. Majibu yakaja amevunjika kichwa cha mfupa wa ugoko pale unapoungana na goti, na meniskasi, ile gegedu ya ndani ya goti, imechanika. Akakosa mechi 19. Mjadala wa kwa nini alikuwa bado uwanjani sekunde zile ulikuwa mkubwa na nadhani ulikuwa wa haki.

Karudi Februari 2022 hajawa sawa, mguu unaonekana kabisa hauaminiki, na bado kwenye robo fainali na NC State iliyokwenda nyongeza mbili akafunga 27, wakashinda 91-87. Nusu fainali wakamtoa Stanford. Fainali ikapigwa Minneapolis, nyumbani kwao kabisa, South Carolina wakawapiga 64-49. Geno alikuwa hajawahi kupoteza fainali hata moja maisha yake, zote 11 alizocheza alishinda, ya kwanza kupoteza ikawa hiyo mbele ya ndugu wa Paige.

Halafu Agosti 2022, mazoezini tu mpira wa kujifurahisha, goti lilelile, akachana ACL, ligamenti kuu ya ndani ya goti. Msimu mzima wa 2022-23 umekwenda.

Fizio wa Mbeya

Wakuu mimi ni mtu wa fiziotherapia niweke neno hapa, manake wengi wanaona ACL ni bahati mbaya tu. Wanawake wanaocheza kikapu na soka wanachana ACL mara kadhaa zaidi ya wanaume wa mchezo uleule. Sababu ni mchanganyiko, namna nyonga inavyokaa na goti linavyoingia ndani mtu akitua, misuli ya mbele ya paja kuzidi nguvu ya nyuma, na viwanja na viatu navyo. Homoni bado wanabishana. Na nyingi zinatokea bila kuguswa na mtu, kama hapo kwa Paige mara ya kwanza, mchezaji anakata kona au anatua na mguu umenyooka basi.

Kupona ni miezi tisa mpaka mwaka, na shida siyo kushonwa, upasuaji unaisha siku moja. Shida ni kwamba paja linasinyaa, ukipima mguu ulioumia na mzima unaona tofauti kwa macho, na kichwani mtu hauamini ule mguu. Huyo ana historia ya mfupa kuvunjika na meniskasi kwenye goti hilohilo halafu ACL juu yake. Kwa uzoefu wangu wengi wa hivyo wanarudi ila hawarudi walivyokuwa.

Na kwa makocha wa shule huku kwetu, jamani wafundisheni mabinti kutua. Dakika 15 kabla ya mazoezi, kuruka na kutua miguu miwili magoti yamekunjwa hayaangaliani, squati, mazoezi ya nyuma ya paja. Haina gharama yoyote na inapunguza sana hizi kesi.

Binti Tanga

Fizio ubarikiwe, sisi shuleni tulikuwa tunaambiwa kimbia raundi kumi halafu chukua mpira, hakuna cha kutua wala nini, na saruji yenyewe ile.

Gadi wa Temeke

Fizio asante sana, hiyo comment yako watu waisevu. Na umesema hawarudi walivyokuwa, ni kweli na kwa Paige ndicho kilichotokea, hakurudi alivyokuwa. Alirudi mchezaji mwingine na mimi nampenda huyu wa pili zaidi.

Mwaka ule aliokaa benchi, angalieni kilichoipata timu. UConn walikuwa wameingia nusu fainali kila mashindano mfululizo mara 14. Mwaka ambao Paige hayupo, na Azzi Fudd, mfungaji mwenzake, naye mzima nusu nusu, wakatolewa na Ohio State kumi na sita bora. Mnyororo ukakatika mwaka huo huo. Kama mtu hajui thamani yake aanzie hapo.

Akarudi 2023-24 amejaa mabega, ameshajenga mwili. Na timu ikaanza kuanguka mmoja mmoja, Azzi ACL mwezi wa kumi na moja, Aubrey Griffin naye goti, Ducharme nje, Patterson nje, Jana El Alfy nje. Ikabidi Paige, gadi wa futi sita, acheze namba nne, nafasi ya watu warefu wa ndani, anamkaba mtu mwenye kilo na urefu kumzidi, anagombea ribaundi ndani ya boksi, halafu akipata mpira aupandishe yeye mwenyewe. Wastani wake mwaka huo 21.9. Na wale wachache waliobaki wazima wakafika nusu fainali, ndiyo ile ya skrini ya dada Tanga.

Kiufundi kilichobadilika ni kwamba aliacha kukimbizana na watu. Paige wa 2021 alikuwa anakupita kwa kasi. Huyu wa baadaye anadunda kuelekea kulia kwa mwendo wa kawaida kabisa, anakuacha uamini anakwenda mpaka chini ya ringi, akifika kwenye kona ya mstari wa mitupo huru anakata breki kwa miguu yote miwili na kupanda wima. Wewe unayemkaba uzito wako bado unarudi nyuma, huna cha kufanya zaidi ya kumtazama. Mtupo wa katikati ule ambao siku hizi makocha wanaukataza kwa sababu mahesabu yanasema pointi tatu au chini ya ringi tu, yeye ndio nyumba yake. Alimaliza chuo anapachika zaidi ya nusu ya mitupo yake yote, na pointi tatu zaidi ya asilimia 40. Gadi! Magadi wengi wakubwa hawafiki huko.

Babu wa Boksi

Mleta uzi heshima yako. Mimi wa zamani, nimecheza enzi hizo Upanga, na nakuunga mkono kwenye mtupo wa katikati. Vijana leo wanasimama mbali wanarusha tu kama wanatupa mawe kwenye maembe. Lakini nina swali, pesa. Kwa nini hakutoka mapema akaenda kulipwa kabla goti halijaumia tena? Mtoto wangu ningemwambia ondoka.

Gadi wa Temeke

Shikamoo mzee. Hapo ndipo mambo yamegeuka siku hizi. Tangu Julai 2021 wanafunzi wa Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yao, na Paige alikuwa mwanachuo wa kwanza kusaini na Gatorade, Novemba 2021, wiki ileile kabla ya goti. Sasa linganisha, mwaka 2025 mchezaji aliyechaguliwa namba 1 kuingia WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, mshahara wake wa mwaka wa kwanza ni dola 78,831. Matangazo ya biashara akiwa chuo yanalipa zaidi ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo kubaki kwake hakukuwa kupoteza pesa. Angeweza kwenda drafti ya 2024 pamoja na Clark na alikuwa na kila sababu ya kuogopa, akabaki kwa sababu ya kombe, alisema mwenyewe.

Na nikiwa hapo kwenye jina na sura, 2021 alipopewa tuzo ya michezo ya ESPY hotuba yake nzima alisema yeye kama mzungu anapewa nafasi kwenye vyombo vya habari ambayo wanawake weusi walioubeba mchezo huu hawapewi, akawataja na kuwashukuru. Alikuwa na miaka 19. Nimeliweka hilo moyoni.

Msee wa South B

Hiyo speech nilikuwa sijui. Respect. Sasa malizia 2025 bana usituache hewani.

Gadi wa Temeke

Haya 2025. Tarehe 6 Februari wanapoteza kwa Tennessee 80-76. Watu wakasema basi hawa hamna kitu, watatolewa mapema. Siku kumi baadaye wanakwenda Columbia kwa South Carolina, pale ambapo wenyeji walikuwa wameshinda mechi 71 mfululizo nyumbani, wanawapiga 87-58. Azzi kafunga 28. Paige kazi yake siku ile ilikuwa kugawa, na aligawa mpaka wenyeji wakaanza kuondoka uwanjani.

Baada ya Tennessee hawakupoteza tena.

Halafu ile ya Oklahoma, kumi na sita bora, Spokane. Kipindi cha kwanza Paige ametulia, anapasia, mechi iko karibu karibu. Kipindi cha pili akafunga 29. Jumla 40, hajawahi kufikisha 40 chuoni kabla ya hapo, na hiyo ndio ilikuwa safari yake ya mwisho. Nasema hivi, mvutano wote wa yeye na Geno uliisha kwenye dakika 20 zile. Geno miaka yote anamwambia chukua, na yeye miaka yote anajibu kwa vitendo kwamba nitachukua siku ambayo timu haina njia nyingine. Siku ikafika akachukua. Raundi inayofuata USC wakamkosa nyota wao JuJu Watkins aliyeumia goti naye, Paige 31. Nusu fainali na UCLA 85-51 alifunga 16 tu kwa sababu Sarah Strong na Azzi walikuwa wanawaka na yeye akawaachia.

Fainali tarehe 6 Aprili Tampa, kwetu saa nne usiku Jumapili. South Carolina wale wale wa Minneapolis. 82-59. Azzi 24 na tuzo ya mchezaji bora wa nusu fainali na fainali, Strong 24 na ribaundi 15, na huyo bado mwaka wa kwanza. Paige 17. Wapo waliosema eti fainali yenyewe hakuwa bora. Hivi unaangalia nini? Timu nzima imekusanyika kumkaba yeye, wanampelekea watu wawili wawili, na yeye mpira unatoka mkononi kabla wa pili hajafika, ndio maana Azzi na Strong walikuwa wazi. Alipotolewa imebaki kama dakika moja na nusu akaenda moja kwa moja kwa Geno wakakumbatiana muda mrefu sana, yule mzee wa miaka 71 analia. Kombe la 12, la kwanza tangu 2016.

Mechi 123, pointi 2,439, ya tatu kwenye historia ya UConn nyuma ya Maya Moore na Breanna Stewart, na wastani wa 19.8 ambao hakuna mwingine pale aliwahi kuwa nao. Na kumbukeni wenzie wale wawili walicheza miaka minne mizima.

Dallas wakamchukua namba 1 kwenye drafti ya WNBA, akawa mchezaji bora chipukizi 2025 akiwa kwenye timu iliyoshinda mechi 10 kati ya 44. Tarehe 20 Agosti akawafunga Sparks wa Los Angeles pointi 44, mitupo 17 kati ya 21, na bado wakapoteza kwa pointi moja. Hiyo inaniuma kwa niaba yake.

Mwanafunzi wa Morogoro

Samahani wakuu, huyo Jana El Alfy mliyemtaja ni Mwafrika?

Gadi wa Temeke

Ndiyo mdogo wangu, Mmisri, senta. Alichanika mshipa wa kisigino kiangazi cha 2023 akakosa msimu wake wote wa kwanza, akarudi akawa kwenye kikosi kilichobeba kombe 2025. Ni wa kumfuatilia sana.

Mwanafunzi wa Morogoro

Asante. Mimi nacheza gadi timu ya chuo chetu, nikitaka kujifunza kwake nianze na mechi gani?

Gadi wa Temeke

Anza na Oklahoma 2025 yote, siyo vipande vya dakika tano, kwa sababu kipindi cha kwanza ndicho kitakachokufundisha. Ukimaliza hiyo nenda ile ya Columbia, 87-58. Fainali iache ya mwisho. Na usimwangalie akiwa na mpira peke yake, mwangalie mpira ukiwa kwa Azzi, anavyotembea taratibu kwenda kona ya mbali na kumvuta anayemkaba, ili katikati pabaki wazi mwenzie apite.